Aliyemwitikia Arobaini na Moja

Kila asubuhi, kabla ya king'ora cha kuanza kazi, karani wa kiwanda cha matufaha alipanda juu ya kasha, akafungua daftari na kuita namba za vibarua wa msimu. Vibarua hawakuitwa kwa majina. Majina yalikuwa ya waajiriwa wa kudumu, wale wenye makoti yenye nembo na vyumba vya familia nyuma ya ghala. Kibarua aliitwa namba yake, akasema "nipo", basi, akaingia ndani kuchambua matunda. Na kila asubuhi karani alipofika arobaini na moja, hakuna aliyeitika, na watu wote uani, wakubwa kwa wadogo, waliinama wakatazama viatu vyao mpaka alipoita arobaini na mbili.

Ungewaona ungedhani wote wamedondosha sindano kwa pamoja.

Mama Chiriku alikuwa namba sitini na mbili. Alichelewa kufika kwa siku moja kwa sababu basi liliharibika kwenye kona za mlimani, kwa hiyo ule mkutano wa wageni wa kabla ya kazi kuanza, wanapoonyeshwa choo na bweni na kuambiwa lipi la kufanya na lipi la kuacha, ulimpita. Alipewa koti, buti na kitanda cha juu karibu na mlango, akaambiwa mengine atayajua mbele ya safari.

Hakupanda mlima kwa kupenda baridi. Binti yake wa miaka minane, ambaye kwa kuongea bila kituo aliitwa Chiriku na watu wote hadi walimu wake, alikuwa na pumu. Vumbi la mji wa chini lilimbana kifua mpaka midomo ikageuka rangi. Daktari alisema maneno machache tu: mtoto huyu ahamie kwenye hewa ya juu. Maneno ni rahisi, kuhama ndiyo kazi. Ndipo aliposikia kwamba kibarua akimaliza msimu wa matufaha bila kukosa hata siku moja, huajiriwa moja kwa moja na kupewa chumba cha familia chenye dirisha. Akaacha kazi yake ya kushona kiwandani, akamwacha mtoto kwa mdogo wake, akaapa kwamba miezi mitatu si mingi.

Sasa, kule kwenye kiwanda cha kushona, kuitikiana lilikuwa jambo la utu. Mara ngapi Chiriku alizidiwa alfajiri, mama akawa bado yuko kwenye foleni ya hospitali huku msimamizi anaita majina? Mwenzake wa mstari ule ule aliziba pua kidogo, akainamisha kichwa, akaitika badala yake. Asingekuwa na wenzake wa namna ile angekuwa ameshafukuzwa zamani. Kwa hiyo siku ya nne pale mlimani, asubuhi yenye ukungu mzito hata karani akawa anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, namba arobaini na moja ilipoitwa tena na watu wakainamia tena viatu vyao, Mama Chiriku alikasirika. Aliwaza kwamba huenda ni mwanamke kama yeye, ana mgonjwa mahali fulani, na hawa watu wa milimani roho zao zimegandishwa na baridi.

Akaziba pua kidogo, akainama.

"Nipo," akasema.

Kalamu ya karani ilisimama. Mwanamke aliyekuwa kulia kwake alisogea hatua moja, halafu nyingine, na aliyekuwa nyuma yake akaanza kuomba dua chinichini. Karani aliuliza nani ameitika. Hakuna aliyesema, naye Mama Chiriku hakusema, maana ukishamwitikia mwenzio humtaji. Karani akaweka alama kwenye daftari, akaendelea kuita kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza haraka akakae chini.

Kwenye mkanda wa kuchambulia kila mtu alikuwa na nafasi yake. Nafasi ya kushoto kwa Mama Chiriku ilikuwa tupu tangu aje, na alishazoea kuweka kitambaa chake pale. Siku hiyo alipogeuka kuchukua kitambaa, alikuta kimekunjwa vizuri, na mwanamke amesimama mahali pale anageuza matufaha kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, kwa ustadi wa mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. Alikuwa na harufu ya tunda lililoanza kuchacha chini ya rundo, na majivu yaliyomwagiwa maji. Mama Chiriku alimpa pole ya safari. Mwanamke alitabasamu bila kumtazama.

Saa nne walitumwa kupanga makasha kwenye chumba cha baridi. Mle ndani kila anayepumua hutoa moshi mdomoni, na vibarua walizoea kutaniana kwamba wanavuta sigara za bure. Mama Chiriku alikuwa anainua kasha pamoja na yule jirani yake mpya, nyuso zao zimekaribiana, moshi wake mwenyewe ukimpanda machoni, ndipo alipogundua kwamba kutoka upande wa pili hakuna moshi. Kifua cha mwanamke yule kilipanda na kushuka kama cha mtu yeyote, lakini mdomoni hakikutoka kitu.

"Asante, dada," mwanamke alimwambia polepole. "Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniitikia. Na mimi nitakuitikia."

Kasha lilimponyoka, matufaha yakatapakaa sakafuni. Wenzake walikuja kumsaidia kuokota, wakaokota wakizunguka mbali na yule mwanamke, macho chini. Walimwona, tena vizuri sana. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote.

Kesho yake karani alipoita sitini na mbili, Mama Chiriku alivuta pumzi ili aitike, na kabla hajafungua mdomo akasikia "nipo" kutoka begani kwake, kwa sauti yake mwenyewe, hata kile kikwaruzo kidogo alichokipata kwa kukohoa vumbi la kiwanda cha kushona kilikuwamo. Alisema "nipo" naye, kwa kuchelewa, na karani akanyanyua kichwa akamtazama kwa huruma.

Siku tatu baadaye alikuwa ananawa mikono kantini aliposikia simu yake ikiita ndani ya koti lililotundikwa ukutani. Ilikuwa saa ya Chiriku kupiga, akitoka shule. Alikimbia na mikono yenye povu, lakini simu ilinyamaza, halafu nyuma ya yale makoti mengi yaliyotundikwa akasikia mtu anacheka, na kicheko kile alikijua, kilikuwa chake, kile cha puani ambacho mdogo wake humtania nacho tangu utotoni. Akayapangua makoti moja baada ya jingine mpaka akaufikia ukuta. Hapakuwa na mtu. Simu ilikuwa ndani ya mfuko wa koti lake, baridi kama iliyolala na matunda, na ilikuwa bado imepokewa.

"...halafu mwalimu akaniambia nikae mbele," Chiriku alikuwa anaendelea. "Mama? Mbona umenyamaza?"

Alimwambia yupo, anamsikiliza.

"Sauti yako imebadilika. Ile ya mwanzo ilikuwa nzuri zaidi."

Jioni hiyo alimfuata karani ofisini, chumba kidogo chenye meza, birika na rafu ya madaftari ya misimu iliyopita. Hakumzungusha. Alimwambia ndiye aliyeitika, akamwomba afute alama ile. Karani alifunga mlango, akafunga na dirisha, akaongea kwa kunong'ona kana kwamba ukuta una masikio, na huenda ulikuwa nayo. Alisema namba ile aliikuta daftarini, na aliyemtangulia naye aliikuta. Mlima ulikuwa na wenyewe kabla ya kiwanda. Msimu mmoja yule karani wa zamani aliamua kuiruka, na asubuhi hiyo hiyo kila namba aliyoita iliitikiwa na sauti moja kutoka ndani ya chumba cha baridi kilichofungwa kwa kufuli. Tangu hapo huitwa, ikaachwa. Ni jini asiye na sura wala sauti, karani alisema, anangoja mtu aitike kwa niaba yake ili apate pa kuanzia.

Mama Chiriku aliuliza kwa nini hawakumleta mtu wa dua akamtoa.

"Tulimleta. Akaliamuru lijitaje jina. Likajitaja kwa jina lake yeye mwenyewe, huyo mtu wa dua, na kwa sauti yake. Alishuka mlima siku ile ile, dada, na mpaka leo hatujui ni nani aliyeshuka."

"Basi nitaondoka. Kazi nitapata kwingine."

"Ukiondoka sasa utaondoka nusu. Itika kabla yake, kila unapoitwa. Kila akikutangulia anachukua kidogo." Karani alimimina chai, akasahau kuinywa. "Akikumaliza, imebaki njia moja. Mtu wa damu yako. Siku mtakapoonana uso kwa uso, mwito wa kwanza atakaokuita, uitike wewe, siyo yeye. Utarudi kuwa wewe. Lakini akuite mwenyewe, umenielewa? Usimwite. Ukiwa ndani ya namba ile, utakayemwita akaitika ndiye anayeingia mahali pako."

Ndivyo yalivyoanza mashindano ambayo Mama Chiriku hajawahi kumsimulia mtu. Alikuwa anaitika kabla hajaitwa. Mtu akikohoa, aliitika. Mlango ukilia, aliitika. Bwenini wenzake walimsikia akisema "nipo, nipo" usingizini, wakajivutia mashuka. Mwanzoni alishinda mara nyingi, halafu mara chache, maana binadamu huchoka, hula, hupiga chafya, na yule hachoki wala hapigi chafya. Na kila aliposhindwa, kitu kimoja kilihama. Kwanza kikombe chake, ambacho asubuhi moja wenzake walimwambia kwa upole kwamba si chake. Halafu kitanda cha juu karibu na mlango. Halafu watu walianza kumwita yule Mama Chiriku, wakimtania kuhusu binti yake mwenye maneno mengi, naye akiwajibu utani kwa utani, wakacheka, na Mama Chiriku halisi aliyesimama pale pale na matufaha mkononi wakawa wanampisha njia bila kumgusa, macho chini, viatu tu.

Katikati ya mwezi wa tatu, kwenye chumba cha baridi, alipumua. Hakuona moshi. Alipumua tena kwa nguvu, akapumulia kiganja, akapumulia mlango wa chuma, akapumua mpaka kichwa kikamzunguka, na upande wa pili wa kasha yule mwanamke alikuwa amesimama na koti la sitini na mbili, mashavu yamemwiva kwa baridi, moshi mweupe mzuri ukimtoka mdomoni.

Aliogopa, ndiyo, lakini kilichomwuma zaidi ni wivu. Alimwonea wivu kwa ajili ya simu. Kila alasiri alisimama nje ya dirisha la kantini, akamsikiliza yule akiongea na Chiriku, akimuuliza kama amekunywa dawa, kama amefunika mdomo barabarani, maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, hakusahau hata moja.

Tumaini lake lilibaki kwenye siku ya mwisho. Msimu ulikuwa unafungwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo mdogo wake angempandisha Chiriku basi la asubuhi, kondakta amwangalie mpaka stendi ya mlimani. Chumba cha familia kilishatolewa, namba sitini na mbili haikukosa hata siku moja. Mama Chiriku alipanga afike stendi kabla ya basi. Angesimama pale mlango wa basi unapofunguka, Chiriku angeshuka na kuita "Mama" kama anavyoita kila anapotoka shule, kabla hata hajatazama vizuri, naye angeitika. Alifanya mazoezi ya neno hilo moja siku nzima ya Ijumaa.

Jumamosi alifika langoni mapema, ukungu bado umelala barabarani. Uzio wa waya ulizunguka kiwanda chote, na njia ya kutokea ilikuwa moja, ya mlinzi waliyemwita Komeo kwa sababu ya mdomo wake na kwa sababu ya kazi yake. Alimwambia anatoka, namba sitini na mbili.

Komeo alipitisha kidole kwenye karatasi. Akamwambia sitini na mbili ameshatoka, tena kwa furaha, amekwenda kumpokea mtoto.

Alimwambia si kweli, yeye ndiye. Komeo alitaka kumtazama usoni, shingo ikakataa. Macho yake yalishuka mpaka kwenye buti zake, yakabaki huko.

"Arobaini na moja hana ruhusa ya kutoka," alisema taratibu. "Samahani, mama. Mimi nalinda tu."

Aliushika uzio. Aliukimbilia upande wa ghala, akaufuata mpaka kwenye mapipa ya maganda, akapita nyuma ya bweni na vyumba vya familia, akitafuta tundu, pengo, mahali waya umelegea, na kila alipopiga kona ukungu ulimpokea na kumtoa tena mbele ya kibanda cha Komeo, Komeo ameinama, kalamu mkononi, na alipokimbia upande wa pili ikawa vile vile, ghala, mapipa, bweni, vyumba, kibanda, akapanda waya mpaka viganja vikachanika bila kutoa damu, akaruka, akasimama wima, akafuta macho, na mbele yake kulikuwa na kibanda cha Komeo na yeye yuko ndani. Kutoka mbali, chini kwenye kona ya mwisho, akasikia honi ya basi.

Basi lilisimama. Kwa hewa ile tulivu ya asubuhi kila kitu kilisikika: mlango, miguu, kondakta akimwambia mtoto ashuke polepole. Halafu sauti nyembamba, aliyoibeba tumboni na kwenye mawazo miezi mitatu, ikaita mara moja kwa nguvu zote.

"Mama!"

"Abee!" Mama Chiriku aliitika pale uzioni, kwa koo lake lote, na hata yeye mwenyewe hakujisikia. Kule chini mwito ulikuwa umeshaitikiwa.

Walipanda barabara polepole, wameshikana mikono. Chiriku alikuwa na sweta jipya na mkoba wake wa shule, na alikuwa anaongea. Alieleza kuhusu mtu aliyetapika ndani ya basi, kuhusu ng'ombe, kuhusu mawingu yaliyokuwa chini badala ya juu. Alieleza yote hayo akipanda mlima, bila kusimama, bila kushika kifua, bila ule mluzi kooni ambao mama yake aliusikiliza usiku baada ya usiku kwa miaka minane. Hewa ilikuwa inaingia na kutoka vizuri. Mama Chiriku alilia kwa hilo kwanza.

Walipofika langoni yule mwanamke alisimama. Alimwambia Chiriku afunge kamba ya kiatu, na mtoto alipoinama, akausogelea uzio mpaka harufu yake ikasikika. Haikuwa tena ya tunda lililochacha. Ilikuwa harufu ya sabuni ya kawaida, ile ya nyumbani.

"Mwite," alinong'ona. Hakukuwa na kejeli usoni mwake. "Ataitika. Ni mtoto mwenye adabu, umemlea vizuri. Ataingia huko, na wewe utatoka. Au niache nimlee. Mimi sisahau wema."

Jina lilikuwa limeshafika ulimini. Sauti bado alikuwa nayo, na mtoto alikuwa hatua tatu tu, kichwa kimeinama, utosi wake na mstari wa nywele alioupasua mtu mwingine asubuhi hiyo. Angeita mara moja tu. Angeitikiwa "abee", neno tamu kuliko yote aliyowahi kuambiwa, na baada yake binti yake angesimama ndani ya uzio huu mwaka hata mwaka, bila moshi mdomoni, watu wakitazama viatu.

Mama Chiriku aliuma ulimi. Aliuma mpaka akahisi ladha ya majivu, akaushikilia waya kwa mikono yote miwili, akatikisa kichwa.

Chiriku aliinuka. Alimwona mwanamke aliyesimama nyuma ya uzio, akamtazama usoni, yeye peke yake mlimani kote, kwa sababu watoto bado hawajui pa kutazama.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni mwenzangu wa kazini. Alinisaidia sana. Msalimie."

Mtoto aliweka mkoba chini kwanza, kama alivyofundishwa, akakunja goti kidogo.

"Shikamoo."

Na shikamoo ya mtoto haiachwi hewani.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Pumua vizuri."

Chiriku alicheka kwa agizo lile la ajabu, akavuta pumzi ndefu kumwonyesha, akaitoa yote. Halafu akachukua mkoba wake na kushika mkono aliopewa, wakaingia langoni, wakapita karibu naye, wakaenda kuangalia chumba chenye dirisha.